Tau na vimeng'enya vyake vinne: GSK-3β, CDK5, Fyn au PP2A, uchukue kipi?

Kila akija mtu mpya maabara anayetaka kufanya kazi ya tau swali huwa lilelile, nichukue kimeng'enya gani, na ukimwachia achague mwenyewe ataenda kwa GSK-3β tu, sababu ndo ina makala nyingi, kingamwili zake ziko tayari kwenye friji na kila mchoro wa Alzheimer umeiweka katikati. Mi pia nilianzia hapo. Sio chaguo baya, ila kama unachotaka kujua ni namna tau inavyoshikana na vimeng'enya vya ishara za seli, na sio tu namna inavyobandikwa fosfeti, basi kati ya hivi vinne ningeiweka mwisho. Nitaeleza kwa nini, na pia nani anafaa kuichukua hivyohivyo.

Kwa wanaotokea upande mwingine wa biolojia: tau ni protini ya muundo ya nyuroni. Maabara ya Marc Kirschner pale Princeton waliitoa mwaka 1975 wakitafuta kitu kinachosaidia tubulini kujijenga kuwa mikrotubuli, vile vibomba virefu ndani ya aksoni ambavyo mizigo ya seli inapita juu yake. Jeni lake kwa binadamu ni MAPT, kromosomu ya 17, na kwenye ubongo wa mtu mzima linatoa isofomu sita, yaani matoleo sita ya protini ileile, fupi kabisa ina asidi amino 352 na ndefu 441, na namba zote za maeneo nitakazotaja humu ni za hii ya 441. Ukiinyoosha utaona mkia wa mbele unaochomoza nje ya kibomba, katikati sehemu iliyojaa prolini, afu marudio matatu au manne yanayoshika kibomba chenyewe, ndo tunasema 3R na 4R, na mwisho mkia wa nyuma. Umbo maalumu haina. Imelegea kama uzi, ndo maana unaweza kuichemsha na ikabaki kwenye maji wakati protini nyingi zimeshaganda, na ndo maana pia vimeng'enya vinaifikia karibu kila mahali, ina serini na threonini 80 hivi na tairosini 5, na zote hizo kinadharia zinaweza kubeba fosfeti.

Sasa hapa ndo watu wanapochanganya mambo. Kimeng'enya kubandika fosfeti kwenye tau sio sawa na kimeng'enya kukaa kwenye tau. Wengine ni wapita njia, wanakuja wanabandika wanaondoka, ukijaribu kuwavuta pamoja na tau kwa kingamwili unapata mstari hafifu kwenye bloti (ile karatasi ya kuonyesha protini kwa kingamwili) au hupati kitu, na unakaa wiki nzima unabadilisha chumvi kwenye bafa ukidhani tatizo ni wewe. Wengine ni wapangaji, wana mlango wao maalumu kwenye tau, wanashika na kutulia, na tau inakuwa kama jukwaa la kuwapeleka sehemu fulani ya seli. Mpita njia unampima kwa alama aliyoacha. Mpangaji unaweza kumpima mwenyewe. Ukilijua hilo mapema unaokoa pesa za kingamwili na miezi kadhaa ya maisha yako.

Tuanze na GSK-3β. Jina halina uhusiano na ubongo, ilijulikana kwanza kama kinasi, yaani kimeng'enya cha kubandika fosfeti, inayozima kimeng'enya cha kutengeneza glaikojeni, afu Wajapani waliokuwa wanatafuta kinasi za tau wakaja kukuta kwamba ile waliyoiita kinasi ya kwanza ya protini tau ni hiihii. Ina tabia mbili zisizo za kawaida. Kwanza iko macho muda wote, kinasi nyingi zinalala mpaka ziamshwe lakini hii ishara kama ya insulini ndo inaituliza, kwa njia ya kinasi nyingine, Akt, kubandika fosfeti kwenye serini yake ya 9. Pili inapenda kukuta mwenzake ameshaanza kazi, yaani inabandika vizuri zaidi pale ambapo hatua nne mbele tayari kuna fosfeti. Threonini 231 ya tau ni mfano mzuri, fosfeti ikiwa imeshakaa serini 235 basi GSK-3β inaifuata 231 kwa urahisi. Inagusa pia 396 na 404 na kwingine kwingi, na matokeo yake makubwa ni tau kulegeza mshiko wake kwenye kibomba.

Vifaa vyake ni vingi kuliko vya mwingine yeyote. Kuna lithiamu, ambayo tangu 1996 inajulikana kwamba inaizuia moja kwa moja, kuna vizuizi vya aina nyingi, kuna kingamwili ya kila eneo unalotaka, AT180 kwa 231, PHF-1 kwa 396 na 404, AT8 kwa 202 na 205. Ukiwa na miezi sita tu na unahitaji mchoro wenye nguzo zinazopanda na kushuka basi chukua hii na usione aibu. Ila mshikano wenyewe ni mgumu kuuonyesha. Kuna waliowahi kuikuta kwenye fungu moja na tau kwenye ubongo, lakini katikati yao alikuwepo 14-3-3, protini ya kuunganisha wengine, kwahiyo swali lako la "nani kamshika nani" linakuwa la watu watatu na sio wawili. Na kizuizi cha GSK-3 kikishusha fosfeti kwenye tau hujui kama ni kwa sababu umeiondoa kwenye tau au umegusa moja ya vitu vingine kibao ambavyo hii kinasi inavifanya, maana ipo kwenye njia ya ishara ya Wnt, ipo kwenye insulini, ipo kwenye kinesini (mota inayobeba mizigo juu ya vibomba), yaani ipo kila mahali.

Upande wa dawa pia haikwenda vizuri. Tideglusib, kizuizi chake, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer kwa wiki 26 na matokeo yaliyotoka 2015 hayakuonyesha faida. Haimaanishi biolojia ni ya uongo, inamaanisha tu kuzima kinasi yenye kazi mia ni tofauti na kuzima kazi moja.

CDK5 nitaipitia haraka, sio kwamba haina maana ila kwa swali letu inakaa karibu sana na GSK-3β. Ipo kwenye familia ya kinasi za mgawanyiko wa seli lakini yenyewe inafanya kazi kwenye nyuroni ambazo hazigawanyiki kabisa, na haiwezi kitu bila mwenzake p35 au p39. Kinachowavutia watu ni pale kalisiamu inapozidi, kalpaini, kimeng'enya cha kukata protini, inaikata p35 na inabaki p25, ambayo haina tena kile kipande cha kuifunga kwenye utando, inakaa muda mrefu zaidi bila kuvunjwa na inaitoa CDK5 mahali pake. Makala ya 1999 iliyoonyesha hili kwenye Alzheimer ilitikisa uwanja mzima, afu yakaja mabishano makali kwamba p25 nyingine kwenye bongo za maiti inatokana na muda uliopita kabla ubongo kugandishwa, na hayo mabishano yakae kichwani mwako maana tutayarudia kwenye PP2A. Kwa tau yenyewe kazi yake ninayoipenda ni kumwandalia GSK-3β njia, inabandika 235, mwenzake anakuja 231. Kama utachukua CDK5 basi chukua hizi mbili pamoja, moja peke yake inakupa nusu ya hadithi.

Sasa Fyn. Hapa ndo mambo yanakuwa matamu.

Fyn ni kinasi ya tairosini, ya familia ya Src, na imefungwa kwenye utando wa seli kwa mafuta. Tofauti yake na hao wawili wa juu ni kwamba ina mkono wa kushikia unaoitwa SH3, na huo mkono unapenda mpangilio wa prolini, vitu viwili vyovyote, prolini. Tau ina mipangilio saba ya namna hiyo kwenye ile sehemu yake ya prolini. Mwaka 1998 Gloria Lee na wenzake walionyesha kwamba tau na Fyn zinashikana kwa njia hii, na baadaye wakaonyesha eneo linalobandikwa ni tairosini 18, kule mbele kabisa. Angalia hiyo vizuri, mlango wa kuingilia uko sehemu ya 200 na kitu na alama inaachwa namba 18, ni vile tau imelegea ndo inawezekana ikajikunja ikafika. Kwahiyo unapima vitu viwili tofauti kwa enzaimu moja, mshikano na alama, na unaweza kuvunja kimoja ukaacha kingine, ukibadilisha prolini unavunja mshikano, ukibadilisha tairosini 18 kuwa fenilalanini unaondoa alama na mshikano unabaki. Kwa mtu anayetaka kuelewa mwingiliano hii ni zawadi. Kwa GSK-3β huwezi kufanya hivyo kirahisi.

Mlango gani hasa kati ya ile saba? Awali ilielekezwa kwenye 233 mpaka 236, kazi za baadaye zikaweka uzito zaidi kwenye 213 mpaka 219. Ukiwa unapanga mabadiliko yako usitoboe mlango mmoja tu ukatangaza ushindi, tengeneza angalau hivyo viwili na cha tatu chenye vyote.

Afu kuna swali la "kwahiyo nini", na Fyn inalijibu kuliko wote. Mwaka 2010 kundi la Jürgen Götz kule Sydney, Lars Ittner akiwa wa kwanza kwenye makala, walionyesha kwamba tau ndo inaipeleka Fyn kwenye dendraiti, matawi ya nyuroni yanayopokea ishara. Kwa panya wasiokuwa na tau Fyn haifiki vizuri kwenye sinapsi, pale nyuroni mbili zinapokutana, na isipofika haibandiki fosfeti kwenye kipande cha NR2B cha risepta ya NMDA (mpokeaji wa ishara za glutamati), na risepta isipobandikwa haishikani imara na PSD-95, protini ya kiunzi ya sinapsi, na hapo sumu ya amiloidi-beta, ile protini inayojirundika kwenye Alzheimer, inakosa pa kushikia. Yaani protini tuliyokuwa tunaiita ya kushikilia vibomba inageuka kuwa mchukuzi wa kinasi. Na inaeleza kitu kilichokuwa kinawasumbua watu tangu 2007, kwa nini ukipunguza tau kwa panya wenye amiloidi nyingi wanapona kwenye kumbukumbu wakati amiloidi yenyewe haijapungua hata kidogo.

Kuna nyongeza ya 2016 ambayo naipenda zaidi kwa sababu inaharibu ile imani ya kila fosfeti kwenye tau ni mbaya. Kinasi nyingine, p38γ, ikibandika threonini 205 inalitenganisha lile fungu la PSD-95, tau na Fyn, na kwa panya hiyo ilikuwa kinga. 205 ni sehemu ya eneo la AT8, kingamwili ambayo sisi wote tunaitumia kama kipimo cha ubaya. Kwahiyo mtu akikuonyesha AT8 imepanda na kusema ugonjwa umeongezeka muulize imepanda lini na sehemu gani ya seli.

Shida za Fyn usizifiche pia. Ya kwanza ni isofomu. Kwenye vipimo vya mshikano vya 2005 SH3 ya Fyn ilishika 3R kwa nguvu kuliko 4R, karibu mara 20, na mabadiliko ya jeni yanayoleta ugonjwa kama P301L yakaongeza mshiko. Ubongo wa panya mzima una 4R tu. Kwahiyo ukichukua ubongo wa panya wa kawaida ukavuta tau na ukapata Fyn kidogo sana usishangae, umechagua upande dhaifu bila kujua, na ukichukua seli za nyuroni changa zenye 3R utapata picha nyingine kabisa na utadhani umekosea mojawapo. Ya pili, Fyn ina ndugu, Src yenyewe na wengine, na vizuizi vinawagusa wote. Saracatinib ni mfano, ilijaribiwa kwa watu 159 wenye Alzheimer ya mwanzo kwa mwaka mzima na matokeo ya 2019 hayakuonyesha kupunguza kushuka kwa matumizi ya glukosi ubongoni. Ya tatu ni ndogo lakini inauma: mikrotubuli na Fyn vyote vinataka tau, na ukivunja seli kwa bafa baridi vibomba vinavunjika na tau inaachiwa huru, kwahiyo mshikano unaouona kwenye tyubu unaweza kuwa mkubwa kuliko uliokuwepo ndani ya seli. Suluhisho ni kuangalia seli nzima kwa darubini, zile njia zinazotoa nukta pale tu protini mbili zikiwa karibu sana, kabla hujaamini bloti.

PP2A sasa, ambayo kama ningeanza upya leo ningeichukua bila kufikiria mara mbili.

Yenyewe haibandiki, inabandua, yaani ni fosfatasi. Kwenye ubongo wa binadamu makadirio ya 2005 yaliipa karibu asilimia 70 ya kazi yote ya kubandua fosfeti kwenye tau, waliobaki wote wanagawana kilichosalia. Sio protini moja, ni vipande vitatu, A ambayo ni kiunzi, C inayofanya kazi, na B ambayo ndo inaamua C ipelekwe wapi. Kwa tau B inayohusika ni B55α, wengine wanaandika Bα, na picha ya fuwele ya mwaka 2008 ilionyesha imekaa kama feni yenye mapanga saba na mfereji wenye chaji hasi, na tau kwa sehemu kubwa ina chaji chanya pale kwenye marudio yake, kwahiyo unaona kabisa kwa nini zinashikana. Marudio hayohayo ndo yanashika kibomba. Maana yake kibomba na PP2A vinagombania sehemu moja, na baadhi ya mabadiliko ya jeni ya ugonjwa wa ubongo wa sehemu ya mbele yanapunguza mshiko wa PP2A, kitu kinachoeleza vizuri kwa nini badiliko la asidi amino moja linaweza kuishia na tau iliyojaa fosfeti bila kinasi yoyote kuongezeka.

Lakini subiri, kuna mlango wa pili. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba PP2A yenye Bα inashika pia kipande cha herufi saba cha tau (kila herufi ni asidi amino moja), RTPPKSP, kutoka 230 mpaka 236. Hesabu mwenyewe, T hapo ni 231 na S ni 235. Ndo zilezile ambazo CDK5 na GSK-3β wanazifuata! Na 233 mpaka 236 ni ile sehemu iliyotajwa mwanzo kwa Fyn, na kwenye kazi hiyo ya 2012 Fyn nayo ilionekana inakitambua kipande hichohicho. Tena kipande cha kutengeneza cha peptaidi kiliweza kuvuruga mshikano wa PP2A na tau, lakini kikiwa na fosfeti kwenye 231 hakiwezi. Soma tena hiyo sentensi taratibu. CDK5 inabandika 235, GSK-3β inafuata 231, na fosfeti ya 231 inamfungia mlango yule ambaye angekuja kuibandua. Ni kufuli inayojifunga yenyewe. Na PP2A ikiondoka nafasi inakuwa wazi kwa Fyn.

Kwahiyo mi naona vinne hivi havikai kwenye orodha kama bidhaa nne, vinakutana kwenye njia panda moja ya herufi saba, na ukichagua PP2A umejiweka pale katikati unawaona wote wakipita. Ukichagua GSK-3β unamuona mmoja tu akiondoka. Hata Pin1, ambayo sio kinasi wala fosfatasi, inakuja hapohapo, inatambua 231 yenye fosfeti ikifuatiwa na prolini na inaipindua kutoka mkao mmoja kwenda mwingine, na PP2A inaweza kubandua mkao mmoja tu kati ya hiyo miwili. Tumia hilo ukipewa swali gumu kwenye utetezi wa tasnifu yako, linaokoa.

Ukiziweka pamoja mezani basi iko hivi. Ukitaka mshikano wa moja kwa moja unaoweza kuuvunja kwa kubadilisha herufi chache, ni Fyn na PP2A, Fyn rahisi zaidi kwa sababu SH3 ni kipande kidogo unachoweza kukitengeneza peke yake kwenye bakteria na kukifunga kwenye shanga, PP2A inahitaji vipande vitatu vikae sawa na C yake iwe na kikundi cha methili kwenye lusini ya mwisho kabisa la sivyo B55α haiji vizuri, watu wengi wanashindwa hapo na hawajui kwa nini. Ukitaka alama kubwa inayoonekana haraka ni GSK-3β. Ukitaka uhusiano na kalisiamu na kifo cha seli ni CDK5. Ukitaka sinapsi ni Fyn, hana mpinzani. Ukitaka ugonjwa wa muda mrefu, kwa nini fosfeti inajikusanya miaka na miaka, ni PP2A, maana kwenye Alzheimer kazi yake inaonekana kushuka, na tau ya kawaida inabeba fosfeti mbili tatu kwa kila molekuli wakati ile ya ugonjwa inabeba mara tatu au nne ya hapo. Upande wa vidonge PP2A ndo ngumu, kuzuia kitu ni rahisi kuliko kukiamsha, na kuamsha fosfatasi inayogusa nusu ya seli kunatisha, hapo sitakudanganya.

Watu wawili watatu wameniuliza kuhusu tau yenyewe kuamsha vimeng'enya, yaani mshale uende upande wa pili. Upo. Mkia wa mbele, asidi amino ya 2 mpaka 18, ukiwa wazi unaamsha PP1, fosfatasi nyingine, PP1 inaamsha GSK-3, na GSK-3 inabandika fosfeti kwenye kinesini inayoachia mzigo, safari ya kwenda mbele kwenye aksoni inakwama. Kwenye tau ya kawaida huo mkia umejikunja, kwenye nyuzi za ugonjwa umefunuka. Na kuna utamu hapo, 18 ni tairosini ya Fyn, na ikibandikwa fosfeti inazuia huo mkia usifanye hiyo kazi. Fyn tena, safari hii upande wa wema. Kama una mwaka mzima na msimamizi mvumilivu huo ni mradi wa peke yake.

Basi umeamua. Mambo machache ya mikono ambayo yangeniokoa mimi.

Usichemshe. Najua tau inavumilia, najua ni njia nzuri ya kuisafisha, na mi ndo nilichemsha sampuli kumi na mbili siku moja kwa mazoea afu nikashangaa kwa nini kila kimeng'enya kimepotea wakati tau iko safi inang'aa. Tau inavumilia, mgeni wake havumilii.

Ukitumia tau yenye glutamati kwenye 231 kuiga fosfeti kumbuka ni kuiga tu, chaji iko karibu lakini umbo silo, Pin1 na 14-3-3 hazidanganyiki. Kwa PP2A afadhali utengeneze peptaidi mbili, moja na fosfeti halisi moja bila, ni kama wenzetu wa ile kazi ya 2012 walivyofanya na ni bei ya chini kuliko kingamwili mbili.

Asidi ya okadaiki, kizuizi cha fosfatasi, ni rafiki yako ukiwa unafanya PP2A, kwenye tyubu nanomola moja hivi inatosha kuifunga na PP1 inahitaji zaidi ya hapo sana, ila ndani ya seli hesabu inaharibika kwa sababu inaingia taratibu na PP2A ni nyingi, kwahiyo mtu akikuambia "nimetumia okadaiki kwa hiyo ni PP2A" muulize kipimo na saa ngapi.

Tau inapita kwenye jeli ikijifanya kubwa, ile ya 441 ina kama kilodaltoni 46 lakini utaiona juu ya 60, usiitupe ukidhani ni kitu kingine.

Na hili la mwisho ndo linaharibu kazi nyingi za kimyakimya. PP2A haisubiri. Mwaka 1994 walichukua vipande vya ubongo vya watu hai waliokuwa wanafanyiwa upasuaji na wakakuta tau ya kawaida ina fosfeti nyingi kwenye maeneo yaleyale tuliyokuwa tunasema ni ya ugonjwa tu, ilikuwa haionekani kwenye maiti kwa sababu fosfatasi ziliendelea kubandua baada ya kifo. Upande wa pili baridi inaipunguza kasi PP2A kuliko inavyozipunguza kinasi, ndo maana kindi wa ardhini akilala usingizi wa majira ya baridi tau yake inajaa fosfeti kama ya mgonjwa afu akiamka inarudi kawaida, na ndo maana panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi bila kupashwa moto anakupa AT8 ya kutisha ambayo haina uhusiano wowote na jaribio lako. Mweke kwenye pedi ya joto, mpime joto la mwili, na iandike ile namba kwenye daftari pembeni ya kila bloti.